Figo Mpya na Vimelea vya Njia ya Misafara

Figo iliyopandikizwa huishi ndani ya mwili unaoiona kuwa ngeni. Ili mwili usiishambulie, mgonjwa humeza kila siku, kwa muda wote figo hiyo itakapofanya kazi, dawa za kushusha kinga: kwa kawaida prednisoloni (aina ya steroidi), mikofenoleti, na mojawapo kati ya takrolimasi na siklosporini. Dawa hizo hazichagui. Kinga inayotulizwa ili isiguse figo ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikividhibiti vimelea vya miaka mingi mwilini, na ndiyo ambayo ingepambana na vile vitakavyoingia kesho kwa kuumwa na mbu, kukanyaga udongo mbichi au kuoga bwawani. Vitabu vingi vya upandikizaji vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako vimelea hupewa kurasa chache za mwisho kama maradhi ya wasafiri na wahamiaji. Mgonjwa wa Urambo, Nzega au Sikonge, mkoani Tabora, angefaa kusomewa kurasa hizo kwanza.

Suala hili limekuwa la nyumbani kwa muda mfupi tu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikishirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilifuata Machi 2018, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Kufunguliwa kwa huduma Dodoma kumebadilisha jiografia ya tiba: mji huo uko Ugogo, katikati ya njia ya zamani ya misafara, na reli inayopita hapo ndiyo inayofika Tabora. Mgonjwa anaweza sasa kwenda, kupasuliwa, kupona kidonda na kurudi kwao. Mengi yaliyoandikwa juu ya mafanikio hayo yanaishia kwenye siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, ilhali hatari inayojadiliwa hapa mara nyingi hukomaa baada ya siku hiyo.

Vimelea humfikia aliyepandikizwa kwa njia tatu. Vingine amekuwa navyo siku zote, vimelala, na huamshwa na dawa. Vingine huja ndani ya figo au damu ya aliyemchangia. Vingine huambukizwa upya baada ya upasuaji. Tanzania, ambako wachangiaji wamekuwa ndugu walio hai, njia hizo tatu huingiliana kwa namna ambayo miongozo ya nje haiizingatii sana. Kaka anayetoa figo amekunywa maji ya kisima kile kile, amelima shamba lile lile, amelala chini ya mbu wale wale. Ni nadra mmoja awe na kimelea ambacho mwingine hajawahi kukutana nacho. Kumpima mgonjwa na kumwacha mchangiaji, au kinyume chake, ni kufanya nusu ya kazi.

Magharibi ya Tanzania ina historia ndefu ya vimelea vinavyosafiri. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo na sehemu jirani za pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita humo kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Burton na Speke walipoingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani zaidi ya miezi minne, na homa zilikuwa zimewaelemea kiasi kwamba Burton alikuja kushindwa kutumia miguu yake. Mahali ambapo watu wa nchi nyingi hulala pamoja, huchota maji pamoja na kujisaidia pembeni ya kambi pamoja, vimelea hubadilishana wenyeji.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni wa funza. Kiroboto huyu hakuwa wa Afrika Mashariki. Alishushwa Ambriz, Angola, mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, akavuka bara zima ndani ya nyayo za wapagazi na askari wa misafara, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi na Zanzibar. Kwa mwenye figo mpya, funza peke yake si tishio kubwa, lakini kidonda anachokiacha ni mlango wa bakteria, na wengi wa waliopandikizwa wana kisukari, ama cha awali kilichoua figo zao, ama kilicholetwa na steroidi na takrolimasi. Mguu wa mgonjwa wa kisukari mwenye kinga iliyoshushwa hautakiwi kuwa na tundu la aina yoyote.

Hatari kuliko wote ni mnyoo mwembamba wa strongiloidi, ambao wengi wanaoishi nao hawajawahi kusikia jina lake. Duniani walio nao hukadiriwa kuwa kati ya milioni 300 na milioni 600. Mabuu yake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kuishia sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Huko jike hutaga bila kuhitaji dume. Mayai huanguliwa humo humo utumboni, na hapo ndipo mnyoo huu unapoachana na minyoo mingine ya tumbo: baadhi ya mabuu hukomaa kabla ya kutoka, hupenya ukuta wa utumbo au ngozi ya sehemu ya haja kubwa, na kuanza safari upya ndani ya mtu yule yule. Minyoo ya safura huzeeka na kufa ikiwa mtu haambukizwi tena. Strongiloidi hujirithisha. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa nayo zaidi ya miaka 40 baadaye, katika nchi ya baridi isiyo na udongo wa kuwaambukiza tena.

Maana yake kwa Tabora ni nyepesi kueleweka. Mtu aliyelima tumbaku Urambo bila viatu akiwa kijana, kisha akaishi mjini kwa miaka 30 akivaa soksi, anaweza kufika kwenye meza ya upasuaji akiwa bado na wageni wake. Anaposema hajawahi kuugua minyoo, anasema kweli kwa anavyojua: muwasho wa mara moja moja, tumbo kuuma kidogo juu ya kitovu, kikohozi kisichoeleweka. Wengi hawana hata hayo.

Prednisoloni hubadilisha hesabu. Huiondoa kinga iliyokuwa ikiizuia minyoo isizidi, na inadhaniwa pia kuyachochea mabuu yakomae haraka. Kinachofuata, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza wakati dozi bado ni kubwa, ni mabuu kwa maelfu kuvuka ukuta wa utumbo yakiwa yamebeba bakteria wa kinyesi. Mgonjwa hupata sumu ya bakteria katika damu, nimonia, au homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na bakteria ambao kwa kawaida hawana kazi kwenye utando wa ubongo. Daktari hutibu bakteria, mgonjwa hupata nafuu, kisha bakteria hao hao hurudi, kwa kuwa anayewabeba hajaguswa. Upo mtego mbaya zaidi. Mabuu yakipita mapafuni mgonjwa hukohoa na kifua kulia kama cha mwenye pumu, naye huongezewa steroidi. Ugonjwa ukifikia hatua hiyo huua zaidi ya nusu ya wagonjwa hata wakitibiwa, na bila tiba karibu wote.

Vipimo vya kawaida haviusaidii mkoa wa Tabora. Njia ya kuhesabu mayai kwenye kinyesi inayotumika katika upimaji wa shule kwa ajili ya kichocho na minyoo haiuoni mnyoo huu, kwa sababu unachotoa ni mabuu, si mayai. Hivyo ripoti huonyesha mikoa mizima kana kwamba haina strongiloidi. Kupanda kwa chembe za eosinofili katika damu ni dalili nzuri zikiwapo, ila mgonjwa wa figo aliyekwisha kuanza steroidi huenda asiwe nazo kabisa. Kipimo cha kingamwili kina nguvu zaidi, ingawa nacho hupungua makali kwa mwenye kinga dhaifu. Njia ya zamani ya kukitenga kinyesi kibichi kwenye shashi juu ya maji ya vuguvugu ndani ya faneli, ili mabuu yashuke yenyewe, haihitaji mashine yoyote. Inahitaji mtaalamu wa maabara mwenye subira na sampuli za siku kadhaa. Tafiti zilizotumia njia za namna hii Bagamoyo, Zanzibar na Mbeya ziliukuta mnyoo huu, na hakuna sababu ya kudhani udongo wa Unyamwezi umeusamehe.

Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku mbili, na kurudiwa baada ya wiki mbili. Albendazoli ya dozi moja wanayopewa watoto shuleni haiung'oi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza ivermektini kwa jamii nzima pale ambapo maambukizi kwa watoto wa umri wa shule yanafika asilimia 5. Nchini Tanzania dawa hii imezoeleka katika kampeni za usubi na za matende, na wafugaji wa Igunga na Nzega wanaifahamu zaidi kama sindano ya ng'ombe. Haifai mgonjwa kujitibu kwa chupa ya mifugo. Hata hivyo ni aibu ya mfumo wa afya kwamba dawa ya mfugo hupatikana kirahisi dukani kuliko vidonge vya binadamu anayesubiri figo. Kwa watu wanaotoka mikoa hii, hoja ya kumtibu kila mgonjwa na kila mchangiaji kabla ya upasuaji, bila kungoja kipimo kinachokosea, ina nguvu kuliko hoja ya kungoja. Angalizo ni kwa waliowahi kuishi katika misitu ya Kongo yenye mnyoo wa macho wa loa: hao wapimwe damu kwanza, maana ivermektini inaweza kuwadhuru ubongo.

Malaria inajulikana zaidi, na kwa sababu hiyo huchukuliwa kwa wepesi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 Tabora iliongoza nchini: takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Mtu mzima wa mkoa kama huo huwa amejenga kinga ya sehemu. Hubeba vimelea vichache kwenye damu, hana homa, na anaweza kutoa figo akiwa hivyo. Figo huoshwa kabla ya kupandikizwa, lakini chembe chache za damu zilizobaki zinatosha kumwambukiza mpokeaji. Kwa bahati, malaria inayokuja kwa njia hiyo huanza na vimelea vilivyomo tayari kwenye damu, kwa hiyo hata ile ya aina ya vivaksi, ambayo mgonjwa aliyepandikizwa India angeweza kurudi nayo, haifichi mbegu kwenye ini.

Mpokeaji naye ana udhaifu wa ziada. Kabla ya kupandikizwa, kusafisha damu kwa mashine hufanyika mara mbili au tatu kwa wiki, na mgonjwa wa kijijini hulazimika kuhamia mjini karibu na mashine, pengine kwa miaka. Kinga ya malaria hupungua mtu akikaa mbali na mbu wenye vimelea. Anaporudi Kaliua au Uyui na figo mpya, amepoteza sehemu ya kinga kwa kuishi mjini na sehemu nyingine kwa dawa, ilhali majirani na yeye mwenyewe bado wanamhesabu kuwa mwenyeji wa malaria.

Homa ya mtu huyo haifanani na homa nyingine za zahanati. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mwili unaikataa figo, inaweza kuwa kifua kikuu. Matibabu nayo yana mitego: kwinini huweza kushusha kiwango cha siklosporini katika damu, na ikitumiwa pamoja na takrolimasi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa mseto inatumika, mradi mapigo ya moyo na kiwango cha dawa za figo vifuatiliwe. Kwa malaria kali sindano ya atesuneti inabaki chaguo bora. Septrini, kidonge cha bei ndogo ambacho vituo vingi huwapa waliopandikizwa kwa miezi ya mwanzo ili kuzuia nimonia ya kuvu, kina faida ambayo haitajwi vya kutosha: hupunguza pia malaria na huzuia toksoplasma. Kuna hoja nzuri ya kukiendeleza kwa muda mrefu zaidi kwa wakazi wa magharibi, ikiwa figo na damu vinakivumilia.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa wengi, lakini kimewafanya wahudumu waiache hadubini. Katika nchi hii ya misafara hilo lina gharama. Slaidi ya damu huweza kuonyesha vitu viwili ambavyo kipimo cha haraka hakiwezi kuvionyesha. Cha kwanza ni bakteria wa homa ya papasi, ugonjwa wa kupe wa sakafu za udongo. Joseph Everett Dutton, mtafiti ambaye bakteria huyo alipewa jina lake, alifia Kasongo, Manyema, mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Ugogo nako imejulikana kwa miaka mingi. Huyo si kimelea kwa hesabu za maabara, ila homa yake inayokuja na kuondoka ni rahisi kuitwa malaria sugu. Cha pili ni malale.

Malale ya aina ya Afrika Mashariki ilizuka Maswa mwaka 1922, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi kwa nguvu kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa. Mashamba waliyoyaacha yakageuka miombo, na miombo ni makazi ya mbung'o. Kituo cha utafiti wa tiba cha taifa kilichopo Tabora kilijengewa jina na ugonjwa huu. Wagonjwa wamepungua sana, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliongeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwenye tiba za aina hii ya malale, jambo ambalo kizazi kilichotegemea melasoproli yenye sumu ya aseniki hakingeliamini. Hata hivyo wanyama wa mapori ya Ugalla bado wanabeba vimelea. Mrina asali wa Sikonge mwenye figo mpya anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba porini si mahali pake katika mwaka wa kwanza, na akipata homa baada ya kuumwa na mbung'o aombe slaidi, asiridhike na kipimo cha kidoleni kilichosema hakuna malaria.

Kichocho kinatofautiana na haya yote kwa kuwa kinaweza kuwa chanzo cha figo kufa. Minyoo ya kichocho cha mkojo, inayoenezwa na konokono wa malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga ya Igunga na Nzega, hutaga kwenye mishipa ya kibofu na ya mirija inayoshusha mkojo. Mayai yaliyonaswa huacha makovu, mrija hubana, mkojo hurudi nyuma, na figo hufa polepole bila maumivu makubwa. Upande wa Kigoma na Ujiji, kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, kinachopatikana ni kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini na wakati mwingine vichujio vya figo. Daktari wa upasuaji anayeunganisha figo mpya na kibofu chenye makovu hukuta ukuta mgumu, na mshono huweza kuvuja au kubana.

Hapa uzoefu upo, tena wa Afrika. Misri ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 1976 mjini Mansoura, chini ya Mohamed Ghoneim, katika delta ambayo kichocho kilikuwa sehemu ya maisha. Miaka ya ufuatiliaji huko ilionyesha kwamba kichocho kilichotibiwa hakimnyimi mtu haki ya kupandikizwa, na kwamba figo zake hudumu kwa kiwango kinacholingana na za wengine. Wagonjwa hao walihitaji uangalifu zaidi kwa sumu ya siklosporini kwenye figo, na baadhi waliambukizwa tena waliporudi kwenye maji. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, hutolewa kabla ya upasuaji na kurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa haiui minyoo michanga. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hapati kiwango cha kutosha cha dawa hiyo mwilini. Safari za kujifunza za wataalamu wetu zimeelekea zaidi India na Japani, na kwa upasuaji wenyewe hilo lina mantiki. Kwa kibofu cha kichocho, Mansoura ina mengi zaidi ya kufundisha.

Vimelea vya kuhara, hasa kriptosporidi, vinatosha kutajwa kwa ufupi: kuhara kwa muda mrefu hupandisha kiwango cha takrolimasi katika damu na kuitia figo sumu, hivyo maji ya kunywa yachemshwe hata yakitoka bombani.

Kazi kubwa ya yote haya haiwezi kufanyikia Dodoma wala Dar es Salaam. Kliniki ya upandikizaji humwona mgonjwa kwa saa chache kila baada ya wiki au miezi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, hospitali za misheni za Ndala na Nkinga, na zahanati za vijiji ndizo zitakazokutana na homa yake usiku. Barua anayorudi nayo huorodhesha dawa na tarehe ya kurudi. Ingefaa iseme pia alikotoka, alitibiwa vimelea gani na lini, mchangiaji alikutwa na nini, dawa zipi za malaria zinagongana na zake, na kwamba asiongezewe steroidi kwa kifua kinacholia kabla kinyesi na makohozi havijatazamwa kwa hadubini. Ukurasa mmoja unatosha.

Anayesahaulika ni mchangiaji. Huyu hana dawa za kushusha kinga, kwa hiyo strongiloidi na malaria haziongezeki kwake kuliko kwa jirani. Lakini amebaki na figo moja, na anarudi kwenye jaruba lile lile. Kwa mtu mwenye figo mbili, kichocho kikiziba mrija mmoja, figo ya pili hubeba kazi. Kwa aliyetoa ya pili, kuziba huko ndiko kufeli kwa figo kwenyewe. Ugawaji wa prazikwanteli umewalenga zaidi watoto wa shule, na mkulima wa miaka 40 hayumo kwenye orodha. Kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti ya figo na kibofu kinapatikana hospitali ya mkoa, lakini hakuna anayemwita mtu mzima asiyeumwa kwenda kufanyiwa. Mchangiaji wa magharibi anahitaji vyote viwili, dawa na picha, kila mwaka, na anastahili kuondoka wodini na tarehe yake mwenyewe ya kliniki, mbali na ile ya ndugu aliyempa figo.